Kumfundisha mtoto asiyeona kusoma nukta nundu kuanzia vidoleni

Nilipoanza kufundisha watoto wasioona wa darasa la kwanza, nilianza kwa kuwakaririsha namba za nukta za nukta nundu, yaani maandishi ya Braille, ya nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa vidole. Baada ya wiki chache, mwanafunzi mmoja aliweza kutamka bila kusita kwamba herufi m ni nukta ya 1, ya 3 na ya 4. Lakini nilipomwekea herufi hiyo hiyo chini ya kidole, hakuitambua. Kosa lilikuwa langu. Kidole hutambua umbo kinapopita juu yake, na kikikaa pale pale juu ya nukta huacha kuzihisi vizuri, kwa hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kufuata mwendo wa mikono.

Kwa mwalimu anayeanza: kila alama hukaa katika seli yenye nafasi za nukta 6, yaani 1, 2 na 3 kutoka juu hadi chini upande wa kushoto, na 4, 5 na 6 upande wa kulia. Nukta hizo hutoa alama 63. Seli nzima huenea chini ya ncha ya kidole kimoja, na kila nukta imeinuka takriban nusu milimita tu.

Hatua ya kwanza: amua nani ajifunze. Kwa mtoto asiyeona kabisa hakuna mjadala. Kwa mwenye uoni hafifu, usipime tu kama anaweza kuiona herufi kubwa. Pima anaweza kusoma kwa muda gani kabla macho hayajachoka, na uulize kama uoni wake unatarajiwa kupungua. Anaweza kujifunza maandishi ya kawaida na nukta nundu kwa pamoja.

Hatua ya pili: andaa mikono. Mpe vifungo, shanga na mbegu za ukubwa tofauti azitenganishe, udongo aufinyange na vifuniko avifungue. Unapomwonyesha jambo, weka mkono wako chini ya wake ili yeye aufuate kwa hiari na aweze kuuondoa anapotaka. Mtoto aliyezoea kushikwa na kuburutwa mkono hujifunza kuulegeza na kusubiri, na mkono unaosubiri hautafuti kitu.

Hatua ya tatu: mistari kabla ya herufi. Hapa ndipo walimu wengi huharakisha, nami nawasihi wasifanye hivyo. Tengeneza kurasa zenye mistari ya seli zilizojaa nukta zote 6, ukiacha nafasi pana kati ya mstari na mstari, kisha mwombe mtoto aupitie mstari kutoka kushoto kwenda kulia kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili, vikiwa vimekaribiana na vikigusa karatasi kwa wepesi. Akikandamiza, nukta hulala na hisia hufa. Baadaye acha pengo katikati ya mstari akuambie liko wapi, na baada ya hapo ficha herufi moja katikati ya seli zilizojaa aitafute. Mimi hukaa kwenye hatua hii wiki mbili au tatu, hata mzazi anapouliza kwa nini mtoto bado hajui a.

Hatua ya nne: herufi za kwanza. Usifuate mpangilio wa alfabeti, kwa sababu herufi kumi za mwanzo zote hutumia nukta nne za juu tu na hukaribiana sana kidoleni. Anza na a, l na m, ambazo hutofautiana wazi. Kwa herufi hizo tatu mtoto tayari anasoma «mama» na «lala». Ongeza o na g apate «gogo». Swali lako liwe «hii ni herufi gani?», kamwe lisiwe «hizi ni nukta ngapi?», maana swali la pili humfanya asimamishe kidole na kuanza kukichokoachokoa kwenye seli.

Hatua ya tano: aandike wiki hiyo hiyo. Mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, ina vitufe sita vya nukta: vidole vya shahada hubonyeza 1 na 4, vya kati 2 na 5, vya pete 3 na 6. Hapa namba za nukta zina kazi, kwa kuwa kila namba ina kidole chake. Mtoto mwenye vidole dhaifu atatoa nukta hafifu, basi mpe maneno machache na mapumziko mengi. Kibao na kalamu ya kutobolea kifuate baadaye ukiwa na uchaguzi, kwani mtoto hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, na umbo la herufi nyingi hugeuka.

Hatua ya sita: tenganisha herufi zinazotazamana. E na i ni kama uso na kivuli chake kwenye kioo. Vivyo hivyo d na f, h na j, r na w. Katika Kiswahili jozi ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa sababu irabu hizo ziko kila mahali na «peta» hugeuka «pita», «lea» hugeuka «lia». Fundisha e mpaka imkae vidoleni, subiri wiki kadhaa, ndipo ulete i ndani ya maneno, na usiziweke pamoja kwa ajili ya kuzilinganisha mpaka kila moja imekaa imara.

Mtoto akishajua herufi kumi na tano hivi, mwachie agundue mpango wenyewe: k hadi t ni a hadi j zilizoongezewa nukta ya 3. W haimo katika mpango huo, kwa kuwa Louis Braille, mbunifu wa maandishi haya, alizipanga herufi kwa alfabeti ya Kifaransa ambayo wakati huo haikuihesabu w. Tarakimu nazo ni a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba.

Hatua ya saba: maandishi yamzunguke. Mtoto anayeona huishi katikati ya herufi kabla hajajua kuzisoma. Asiyeona hukutana nazo pale tu tunapomwekea. Bandika jina lake kwenye kiti, kwenye rafu na kwenye mkoba. Katika darasa la pamoja na wanaoona apate ukurasa ule ule, saa ile ile, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni badala ya kusema «hapa» na «pale».

Kabla ya kumpa hadithi ndefu, tazama mikono yake. Mkono wa kushoto ukianza kuuacha wa kulia umalizie mstari, wenyewe ukitangulia kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, mpe kitabu.