Kupima muda na ukubwa wa majibu ya programu ya Express

Watumiaji wakilalamika kuwa tovuti uliyoijenga kwa Express (maktaba ya Node.js ya kuandika programu za wavuti) ni nzito, usiangalie wastani. Maombi 99 ya milisekunde 20 na moja la sekunde 8 hutoa wastani wa kama milisekunde 100 tu, na aliyesubiri sekunde 8 haonekani popote. Tumia histogramu za Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo: histogramu huhesabu maombi mangapi yameangukia katika kila kiwango cha muda au ukubwa. Sakinisha `prom-client` kwa npm, kisha weka kipande hiki juu kabisa, kabla ya njia zote na kabla ya `compression` (kifurushi kinachobana majibu), kama unakitumia:

```js
const client = require('prom-client');
const labelNames = ['mbinu', 'njia', 'hali'];
const muda = new client.Histogram({
  name: 'http_jibu_sekunde', help: 'Muda wa jibu', labelNames,
  buckets: [0.01, 0.05, 0.1, 0.25, 0.5, 1, 2.5, 5, 10],
});
const ukubwa = new client.Histogram({
  name: 'http_jibu_baiti', help: 'Ukubwa wa jibu', labelNames,
  buckets: client.exponentialBuckets(256, 4, 8),
});

app.use((req, res, next) => {
  const mwanzo = process.hrtime.bigint();
  const soketi = req.socket;
  const kabla = soketi.bytesWritten;
  res.once('close', () => {
    const lebo = {
      mbinu: req.method,
      njia: req.route ? req.baseUrl + req.route.path : 'haipo',
      hali: res.writableFinished ? res.statusCode : 499,
    };
    muda.observe(lebo, Number(process.hrtime.bigint() - mwanzo) / 1e9);
    ukubwa.observe(lebo, soketi.bytesWritten - kabla);
  });
  next();
});

app.get('/metrics', async (req, res) => {
  res.set('Content-Type', client.register.contentType);
  res.end(await client.register.metrics());
});
```

`Date.now()` haifai hapa: saa ya mashine ikirekebishwa katikati ya ombi, unaweza kupata muda hasi. Ukubwa nao hausomwi kwenye `Content-Length`, kwa sababu jibu linalotumwa vipande vipande, au lililobanwa kwa gzip, mara nyingi halina kichwa hicho. Soketi, yaani muunganisho wenyewe na mtumiaji, huhesabu baiti zilizotoka kweli, vichwa vikiwemo. Kwa kuwa muunganisho mmoja hubeba maombi mengi, lazima utoe hesabu ya `kabla`. Usipoitoa, kila jibu litaonekana kubwa kuliko lililotangulia.

Tumesikiliza tukio la `close` (jibu limefungwa, liwe limekamilika au la) badala ya `finish` (jibu limekamilika) kwa makusudi. Mtumiaji akichoka na kufunga ukurasa, `finish` haitokei, na hao waliochoka ndio unaowatafuta. Namba 499 ndiyo Nginx, seva inayowekwa mbele ya programu, huandika kwenye faili zake za kumbukumbu (log) kwa hali hiyo.

Kosa linaloangusha Prometheus ni kuweka `req.url` kwenye lebo. Kila mchanganyiko wa thamani za lebo huzaa mifululizo 23 ya data (12 ya muda, 11 ya ukubwa), kwa hiyo `/wateja/1`, `/wateja/2` na kuendelea vitajaza kumbukumbu (RAM) ya Prometheus upesi. `/wateja/:id` inatosha. Ukiwa na ruta ndani ya ruta, kumbuka kuwa kosa likipitishwa kwa `next(err)`, `baseUrl` hurudishwa ilivyokuwa na njia itaandikwa bila kiambishi chake.

Asilimia 95 ya maombi yanakamilika ndani ya muda gani? Uliza Prometheus hivi:

```
histogram_quantile(0.95, sum by (le, njia) (rate(http_jibu_sekunde_bucket[5m])))
```

Funga `/metrics`, anwani ambako Prometheus husoma vipimo, isifikiwe kutoka nje. Kama unaendesha michakato kadhaa ya programu hiyohiyo kwa `cluster` ya Node.js, kila mmoja una hesabu yake; ziunganishe kwa `AggregatorRegistry` ya `prom-client`, la sivyo grafu itarukaruka. Na Nginx ikiwa mbele, hupokea jibu haraka na kulihifadhi, hivyo programu haioni ucheleweshaji wa mtumiaji mwenye simu yenye mtandao dhaifu. Kwenye log za Nginx, linganisha `$request_time` (muda wote wa ombi) na `$upstream_response_time` (muda wa kupokea jibu la programu): tofauti ikiwa kubwa, angalia kwanza histogramu ya baiti.