SOMO: Plagi, kauri yake na joto la injini. Soma kabla hujauliza "niweke namba ngapi"

Wakuu, habari zenu. Haipiti wiki bila mtu kuibuka na lile lile: "Nikiweka plagi ya moto gari litaongeza nguvu?" Haliongezi. Nimechoka kulichapa upya, kwa hiyo leo naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamrushia linki tu.

Mfano nautoa kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE (Vitz, IST, Probox na ndugu zao), maana ndizo zimejaa barabarani. Plagi nne (zinazotoa cheche ya kuwasha petroli), koili nne (zinazozipa plagi umeme), hakuna waya mrefu.

Kwanza ujue plagi inaishi wapi. Moto wa petroli ndani ya silinda unapita digrii 2,000. Ncha ya plagi haitakiwi kuzidi 850 hivi. Ikizidi, inakuwa kaa: inawasha mchanganyiko kabla cheche haijatoka, na kinachofuata ni pistoni kutoboka, kwa sababu pistoni ni alumini, na alumini tupu inayeyuka kwenye digrii 660. Ikishuka chini ya 450 nako kuna balaa lake: masizi hayaungui, yanatanda juu ya kauri, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka. Kwa hiyo plagi inatakiwa ipoteze joto, lakini kwa kiasi. Joto linatoka kwenye ncha, linapanda kwenye pua ya kauri, linavuka kwenda kwenye ganda la chuma, linapita kwenye uzi (ile skrubu ya kufungia) na washa (kile kipete cha chuma juu ya uzi), linaingia kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na maji ya rejeta yanalibeba.

Namba ya joto ni uwezo wa plagi kulipitisha joto hilo. Plagi ya "moto" ina pua ndefu ya kauri, joto linasafiri mbali kabla halijagusa chuma. Plagi ya "baridi" ina pua fupi. Cheche ni ile ile. Usidanganywe dukani.

Hatua ya 1. Zima injini, iache ipoe kabisa. Siyo "vuguvugu". Uzi wa hedi ya alumini ukiulazimisha ukiwa wa moto unachunika.

Hatua ya 2. Toa kava, chomoa soketi za koili, fungua bolti za namba 10, vuta koili.

Hatua ya 3. Puliza visima vya plagi kwa upepo kabla hujafungua chochote. Mchanga ulio pale juu ukifungua plagi unaingia kwenye silinda.

Hatua ya 4. Fungua kwa soketi ya plagi ya 16 yenye mpira ndani. Zipange plagi kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Ukizichanganya umejinyima ushahidi. Kauri ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge ni joto limezidi. Iliyolowa oili, tafuta oili inakotoka kwanza, plagi mpya haitakusaidia.

Hatua ya 5. Nunua kwa kodi kamili, yaani herufi na namba zilizoandikwa kwenye plagi, siyo kwa sura. Kwa 1NZ-FE ni NGK BKR5EYA-11 au Denso K16R-U11. Hiyo 5 na hiyo 16 ni joto lile lile kwa lugha mbili. NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Bosch na Champion, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Rudia kusoma hapo.

Hatua ya 6. Pima gepu, yaani nafasi ambayo cheche inaruka, kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia). Ile 11 mwishoni mwa kodi ni milimita 1.1. Plagi za iridiamu usizipime kwa kile kisarafu cha kuchomeka. Ncha yake ni nyembamba na inavunjika kirahisi.

Hatua ya 7. Kukaza. Hapa ndipo ninapoletewa hedi za watu. Anzisha plagi kwa mkono, ukiwa na soketi na ekstensheni tu, bila raketi, mpaka ikae yenyewe. Ikigoma, rudi nyuma uanze upya, usiilazimishe. Ikishakaa, kama ni mpya na ina washa, izungushe nusu zamu hivi, au fuata kipimo cha kitabu cha gari kama una spana ya torki. Kama ni ya zamani unairudisha, washa yake imeshabanwa, kwa hiyo ni kigusa tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Plagi iliyolegea haiwezi kutoa joto: kati ya washa na hedi kunabaki hewa, na hewa haipitishi joto. Ncha inaiva hata kama namba uliyonunua ni sahihi. Ukikaza kwa hasira nako unalivuta ganda la chuma, linaachana na kauri ndani yake, njia ya joto inakatika mahali usipopaona.

ONYO: Usiweke washa mbili. Plagi inakaa juu juu, nyuzi za chini kwenye hedi zinabaki wazi zinajaa kaboni. Usiiondoe washa pia.
ONYO: Plagi ikidondoka sakafuni usiifunge. Kauri inapata ufa usioonekana kwa macho.

Hatua ya 8. Rudisha koili, washa gari.

Maswali:

dogo_wa_ist: Mkuu mimi nina IST niweke namba ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

dogo_wa_ist: Nimeona. Ila jamaa dukani kasema 6 ina nguvu zaidi.

Mwandishi: 6 ni baridi zaidi ya 5 kwa hatua moja. Ukizungukia foleni za mjini itakula masizi. Jamaa anauza alichonacho.

binti_fizikia: Asante kwa somo. Nauliza, kama kauri ndiyo inayobana joto, kwa nini wasitumie kitu kingine kinachopitisha vizuri?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Kauri ya plagi lazima izuie umeme wa maelfu ya volti, na vitu vinavyozuia umeme huku vikipitisha joto ni vichache. Kauri ya plagi ni alumina, yaani oksaidi ya alumini, na kwa ukoo wa kauri inajitahidi sana: ikiwa baridi inapitisha wati 25 hadi 30 kwa mita kwa kila digrii. Chuma cha pua ni 15 hivi! Lakini alumina ikipata moto uwezo huo unaporomoka sana. Shaba iko karibu 400, ndiyo maana elektrodi ya kati ina kiini cha shaba ndani ya ganda la nikeli: shaba inakimbiza joto, nikeli inavumilia moto. Na zamani kabla ya alumina kushika soko miaka ya 1930, plagi za ndege zilitumia hata ulanga, yaani maika.

binti_fizikia: Kwa hiyo ndiyo sababu kikombe cha bati kinaunguza midomo na cha udongo hakiunguzi?

Mwandishi: Haswa. Ila kikombe cha udongo ni kauri yenye vinyweleo vya hewa, kinapitisha kidogo sana kuliko alumina ya plagi.

boda_wa_mbagala: Pikipiki yangu inatumia NGK D8EA. Nimepata ya Bosch namba 8, bei nzuri, nimefunga. Ikipanda mlima inagonga.

Mwandishi: Itoe leo. 8 ya Bosch ni kama 5 ya NGK. Umepanda hatua tatu za moto, na kila hatua ni kama digrii 70 hadi 100 kwenye ncha. Usipandie mlima mwingine.

boda_wa_mbagala: Daah. Natoa sasa hivi, asante kaka.

spana_mkononi: Mimi nafunga plagi miaka mingi, napaka grisi ya shaba kwenye uzi, haijawahi kutokea kitu.

Mwandishi: Sawa, fundi. Watengenezaji wa plagi zenye uzi wa kung'aa wanasema usipake, kwa sababu uzi umeshapakwa nikeli na grisi inafanya ukaze zaidi ya unavyodhani. Mimi nafuata boksi. Wewe fuata uzoefu.

spana_mkononi: Hujajibu, umekwepa.

Mwandishi: Nimejibu. Rudi hatua ya 7, sehemu ya kuvuta ganda.

mzee_wa_probox: Kauri ya nje, pale juu ya sita pembe, ina duara la kahawia. Inavuja moto?

Mwandishi: Hapana, mzee wangu. Ni vumbi na chembe za oili zinazovutwa na umeme mkali hewani pale. Wengi wanatupa plagi nzima kwa sababu hiyo. Moto ukivuja kweli utaona masizi meusi chini, kwenye washa.

mzee_wa_probox: Na ile oili ndani ya kisima cha silinda ya tatu?

Mwandishi: Hiyo ni sili ya kava ya juu imechoka. Badilisha kabla mpira wa koili haujaoza.

skyline_dar: Kidogo nje ya mada. Nissan yangu ya RB wananiambia turbo ni ya kauri. Kweli?

Mwandishi: Turbo nyingi za RB zilitoka kiwandani na gurudumu la upande wa eksozi la kauri ya silikoni naitraidi. Ni jepesi kuliko chuma, turbo inaamka haraka. Ubaya ni mmoja: ukipandisha presha kupita ya kiwandani linaweza kupasuka, na vipande vinaweza kurudi kwenye silinda. Usichezee presha kabla hujajua unayo ipi.

mama_chipsi_mobile: Gari langu linamisi, na fundi anasema atoe masega ya eksozi ndiyo dawa.

Mwandishi: Masega hayo, yanayosafisha moshi wa eksozi, nayo ni kauri. Gari likimisi petroli mbichi inakwenda kuungulia humo, na yanaweza kuyeyuka. Kwa hiyo yeye anatibu matokeo. Hamisha koili ya silinda inayomisi uiweke kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama na koili, nunua koili. Usipohama, hamisha plagi. Usipohama tena, pima kompresheni.

dogo_wa_ist: Mkuu bei ya plagi nne ni ngapi?

Mwandishi: Uliza maduka matatu. Na washa ikichomoka yenyewe kwa kidole, hiyo siyo NGK, rudisha.