Kuhamisha hesabu za wapangaji kutoka kompyuta moja ya ofisini hadi kwenye simu

Ofisi yetu iko Mwanga, hapa Kigoma, na inasimamia nyumba 11 za wenye nyumba sita: vyumba vya kawaida, chumba na sebule, self chache, na fremu nne za barabarani. Tangu 2009 hesabu zote zilikaa kwenye programu ya Microsoft Access ambayo kijana mmoja alitutengenezea kabla hajahamia Dar. Ilitufaa miaka mingi na ninaishukuru. Ila ilikuwa ndani ya kompyuta moja tu, tena ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Umeme ukikatika, hakuna ajuaye nani kalipa na nani anadaiwa. Mwenye nyumba akipiga simu nikiwa Ujiji nimempeleka fundi bomba, namwambia, "Shikamoo mzee, naomba nikifika ofisini nikupigie."

Kazi ya kuhamisha niliifanya mwenyewe kwa AppSheet ya Google, chombo cha kujitengenezea programu ya simu, data ikikaa kwenye Google Sheets, yaani shiti la mtandaoni lenye safu na mistari. Power Apps ya Microsoft na Zoho Creator ni za jamii hiyohiyo: unapanga majedwali, fomu na masharti, na kuandika ni fomula fupifupi tu. Nilichagua AppSheet kwa sababu wenzangu wote wana simu za Android zenye Gmail, kuijaribu ni bure kwa watumiaji wasiozidi 10, na inakubali kujazwa pasipo mtandao kisha inatuma mtandao ukirudi. Bangwe tuna nyumba ambayo ukiingia uani tu mtandao unapotea, kwa hiyo hilo la mwisho ndilo lililoamua.

Kabla hujagusa chochote, kaa na daftari uandike maswali ambayo ofisi inaulizwa kila wiki. Chumba kipi kiko wazi? Nani kodi yake inaisha mwezi huu? Mzee fulani ameingiza kiasi gani? Fundi alilipwa nini mara ya mwisho? Yetu yalikuwa tisa. Programu ya zamani ilikuwa na fomu 22, na ukinakili fomu zote utahamisha na takataka zake. Jenga kinachojibu maswali yako, basi.

Sasa majedwali, na hapa nakuomba usiharakishe. Sisi tuna Nyumba, Vyumba, Wapangaji, Mikataba, Malipo na Matengenezo. Kosa kubwa la programu ya zamani lilikuwa kuandika jina la mpangaji ndani ya chumba. Akihama, unaandika jina jipya juu yake, na historia yote ya aliyetoka imepotea. Weka jedwali la Mikataba katikati: mkataba mmoja unataja mpangaji mmoja, chumba kimoja, tarehe ya kuingia, kodi ya mwezi na tarehe ya kutoka. Malipo yaunganishwe na mkataba. Kwenye AppSheet safu ya kuunganisha unaipa aina ya Ref, na kila mstari unaupa utambulisho wake usiofanana na mwingine kwa fomula ya UNIQUEID(). Usitumie jina la mtu wala namba ya simu kama utambulisho. Watu wanabadilisha laini, na majina yanaandikwa kila mtu na lake.

Vyumba navyo vinahitaji namba. Huku kwetu tulizoea kusema "nyumba ya mwembe, kile cha nyuma cha fundi cherehani". Fundi cherehani alihama miaka minne iliyopita na bado tunakiita hivyo. Nilizunguka na chaki kila nyumba: MW kwa Mwanga, UJ kwa Ujiji, namba ya nyumba, namba ya chumba. MW3-04. Siku mbili za jua kali, na sijutii hata saa moja.

Ukitoa data kwenye Access, hamisha kila jedwali kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, kisha liingize kwenye Google Sheets. Kuna mitego miwili. Namba za simu zikisomwa kama tarakimu, sifuri ya mwanzo inaliwa: 07 inakuwa 7. Wakati wa kuingiza, ondoa tiki ya kubadilisha maandishi kuwa namba na tarehe, halafu safu za tarehe na za fedha uzigeuze wewe mwenyewe, moja moja.

Mtego wa pili uliniumiza. Shiti langu lilikuwa na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi alikuwa amelipa hadi 09/11, yaani 9 Novemba. Shiti likasoma 11 Septemba. Katikati ya Septemba nikamtumia ujumbe kwamba kodi yake imekwisha. Alikuja ofisini na risiti yake ndani ya mfuko wa nailoni, ameikunja mara nne, akaitandaza mezani pole pole kwa kiganja. "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Nikasoma. Nilimwomba radhi pale pale, na jioni nikaenda tena kwake kumwomba radhi mbele ya watoto wake, kwa sababu wao ndio waliokuwa wamemsomea ule ujumbe. Usiku huohuo nilipitia tarehe zote. Zile ambazo siku inazidi 12 shiti lilikuwa limeziacha kama maandishi, kwa hiyo zilionekana upesi. Zilizogeuzwa kimya kimya ni zile za siku ya 1 hadi ya 12, na hizo hazijionyeshi. Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote, fungua mipangilio ya shiti na uchague Uingereza, ambako siku inatangulia. Kisha chukua risiti 20 za karatasi uzilinganishe kwa macho yako.

Tarehe ya "kodi hadi" usiiache ijazwe kwa mkono. Mfanyakazi ajaze miezi iliyolipwa, na shiti likokotoe kwa EDATE, fomula inayoongeza miezi kwenye tarehe. Fahamu tu kwamba fomula iliyo kwenye shiti inajibu baada ya simu kutuma data, kwa hiyo kule Bangwe tarehe mpya haionekani hapohapo. Risiti ya karatasi tunaendelea kuikata.

Kwa fremu ongeza safu ya kodi ya zuio. Fremu ya 150,000 kwa miezi sita ni 900,000, lakini mpangaji mfanyabiashara anakata asilimia 10 kwa ajili ya TRA na kukuletea 810,000 pamoja na hati ya zuio. Programu yetu ya zamani ilikuwa inamwandikia deni la 90,000 mtu ambaye hadaiwi kitu. Picha ya hati ibandikwe kwenye malipo, ila punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio, la sivyo bando litaisha kabla ya Ijumaa.

Kila mwenye nyumba aone nyumba zake tu. Kuficha ukurasa hakutoshi, kwa sababu data inakuwa imeshashuka kwenye simu yake. Tumia kichujio cha usalama: [Barua_ya_Mmiliki] = USEREMAIL(), yaani barua pepe ya mwenye nyumba ilingane na ya aliyefungua programu. Hapo mistari ya wengine haifiki kabisa. Shiti lenyewe usimgawie mtu. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti kuhusu taarifa zinazotoka nje ya nchi, ambako kompyuta za wingu nyingi ziko. Mimi nilifuta safu ya dini na ya kabila. Hakuna swali hata moja kati ya yale tisa lililozihitaji.

Endesha mifumo yote miwili kwa miezi mitatu, maana wapangaji wengi hulipa kwa miezi mitatu na unataka kila mmoja apite angalau mara moja. Kila Ijumaa linganisha vitu viwili tu: vyumba vyenye watu na jumla ya fedha za wiki. Wiki ya nne yetu ilitofautiana kwa 40,000. Tulitafuta hadi tukaipata: malipo yaleyale yaliingizwa na simu mbili. Tangu hapo namba ya risiti hairuhusiwi kujirudia.

Ujumbe wa kukumbusha kodi uwashe mwisho kabisa. Kwetu boti, yaani kazi inayojiendesha yenyewe ndani ya AppSheet, haimtumii mpangaji chochote. Kila Jumatatu inatuletea sisi orodha kwa barua pepe, mmoja wetu anaisoma na kitabu cha risiti mkononi, ndipo anapiga simu, na anaanza kwa salamu.