Ulishavuta vumbi la asbesto? Fanya hivi

Kwanza achana na maziwa, yale watu wanayosema yanasafisha vumbi kifuani. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na kujifukiza nako hakutoi kitu. Asbesto ni madini ya nyuzi nyembamba sana, yaliyokuwa yanawekwa kwenye vifaa vya ujenzi kama mapaa, na nyuzi hizo zikishafika kule chini kwenye vifuko vya hewa hakuna dawa ya kuzitoa, kwahiyo kazi yako ni kujua zinakaa muda gani uanze kujipanga.

Ulizia ilikuwa asbesto gani. Ile nyeupe, krisotaili, nyuzi zake zimejikunja na mapafu yanaweza kuzikatakata na kuzimumunyisha, nyingi zinapungua ndani ya wiki au miezi (ila usishangilie, nayo inaleta kansa vilevile). Ya bluu na ya kahawia ndo balaa lenyewe, zimenyooka kama sindano, hazimumunyiki, zinakaa miaka na miaka, kuna watu wanazikwa nazo. Kwa macho hutaijua rangi, kipande kinapelekwa maabara.

Urefu nao una kesi yake. Kuna seli kazi yao kumeza uchafu kwenye mapafu, sasa uzi ukizidi maikroni 20 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hauenei ndani ya seli, inaumeza nusu, nusu imebaki nje, inahangaika nao huku inamwaga kemikali zinazochoma nyama ya pale, inakufa, inakuja nyingine nayo yaleyale, mpaka panajenga kovu.

Sasa chukua daftari. Andika mwaka, kazi gani, ulikata kwa msumeno au ulitoboa kwa drili, siku ngapi, maana mesotelioma, kansa ya ule utando unaofunika mapafu, mara nyingi inatokea miaka 20 mpaka 50 baadae na wakati huo ushasahau kila kitu, na daktari usipomwambia wewe atajuaje. Eksirei haionyeshi nyuzi, inaonyesha makovu tu, kwahiyo picha safi ya wiki ileile isikupe usingizi.

Sigara acha, hapo sibembelezi, zikikutana na asbesto hatari ya kansa ya mapafu inapaa kuliko ungezijumlisha tu.

Na usivute vumbi lingine juu ya hilo: lowesha asbesto kwanza kabla ya kuigusa, usifagie pakavu, nguo za kazi usizikung'ute nyumbani, kuna wanawake wameugua kwa kufua tu nguo za waume zao.