Somo: Kupitisha maamuzi katika mradi wa programu huria

Julai 2018 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, aliacha uongozi baada ya mvutano mkali juu ya PEP 572 (PEP ni pendekezo rasmi la kubadili Python), lililoleta alama ya :=. Hakuteua mrithi. Ilibidi wenzake wajadiliane mpaka Desemba kuchagua mfumo mpya. Nyie wa Mwanza mnaoandika maktaba yenu ya msimbo (maandishi ya programu ambayo wengine huyatumia kwenye programu zao), amueni mapema nani anafunga mjadala.

1. Orodhesheni wenye ruhusa ya kuingiza msimbo. Hao ndio wapiga kura. Kuwemo kwenye grupu la WhatsApp hakutoshi. Python humpokea mpya kwa theluthi mbili ya kura.

2. Chagueni baraza la kufunga mjadala. Python wana watu 5, Perl, lugha nyingine ya programu, 3. Kwenu 3 wanatosha. Python hairuhusu zaidi ya wawili wa mwajiri mmoja. Nanyi msijaze baraza watu wa chuo kimoja.

3. Badiliko lolote kubwa liandikwe: tatizo, suluhisho, msimbo gani wa zamani utavunjika, na mawazo yaliyokataliwa pamoja na sababu zake. Sehemu hii ya mwisho wengi huiruka, halafu mwanachama mpya anafufua ubishi uleule na hakuna cha kumwonyesha. Mwandishi asiye kwenye orodha atafute mdhamini aliyemo, kama Python wanavyofanya. Mdhamini humsaidia kunyoosha hoja kabla haijachanwachanwa.

4. Wekeni siku ya mwisho ya maoni. Rust, nayo lugha ya programu, hutoa siku 10. Kama mna wenzenu Nansio au Sengerema, wapeni 14, maana umeme na mtandao hauna ahadi. Mliyokubaliana kikaoni Nyamagana Jumamosi bado ni maoni tu.

5. Baraza liandike uamuzi na sababu, hapohapo penye msimbo.

MASWALI

Samahani mwalimu, sisi tuko wanne tu. Baraza la nini?
– Liacheni. Mteueni mmoja awe msemaji wa mwisho, kwa mwaka mmoja, kwa maandishi.

Kaka, baraza likiharibu je?
– Python wana kura ya kutokuwa na imani, theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Inaweza kumwondoa mjumbe mmoja au baraza zima. Ichukueni hivyohivyo.

Na mwanzilishi akigoma kutii?
– Angalieni nani ana nywila ya akaunti ya kutolea matoleo mapya ya programu na ya jina la tovuti. Akiwa nazo peke yake, baraza lenu ni la karatasi. Wawe angalau wawili, kabla ya uchaguzi.