Somo: Kufuatilia majaribio ya kuingia yaliyoshindikana katika tovuti ya WordPress

Somo hili linawahusu wanaotunza tovuti ndogo za maduka, shule na vyama vya ushirika hapa Dodoma, ambazo mara nyingi zina msimamizi mmoja tu. WordPress, yaani programu inayoendesha tovuti hizo, yenyewe haiweki kumbukumbu ya aliyekosea nywila, wala haimzuii kujaribu tena na tena. Kazi hiyo huachiwa plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Tutatumia Limit Login Attempts Reloaded, ambayo toleo lake la bure linatosha.

Hatua ya kwanza ni saa. Katika mipangilio ya jumla chagua Dar es Salaam, kwa kuwa Dodoma haimo katika orodha ya miji. Usipofanya hivyo, kumbukumbu zitafuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, nawe utamshuku bure mtu aliyeingia saa 3 asubuhi kwamba alikuwa akihangaika na nywila alfajiri.

Hatua ya pili, itafute plagini kwa jina, isakinishe na uiwashe.

Hatua ya tatu ni viwango. Kwa kawaida huruhusu majaribio 4, kisha humfungia mhusika kwa dakika 20, na anayerudia kufungiwa mara 4 hufungiwa kwa saa 24. Viache hivyo, ila andika anwani ya barua pepe unayoisoma kweli, ili taarifa za waliofungiwa zikufikie.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kusoma orodha ya waliofungiwa. Ukiona «admin», kisha «info», kisha jina la tovuti yenyewe, yote kutoka anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti), hiyo ni programu inayobahatisha, na haihitaji kukukosesha usingizi. Jina la mhasibu likifungiwa mara moja Jumatatu asubuhi, huenda ni mhasibu mwenyewe, mpigie simu. Linalostahili hofu ni majina sahihi ya watumiaji kujaribiwa kutoka anwani ngeni nyingi, kwa sababu maana yake ni kwamba majina yenu yanajulikana. Hapo badilisheni nywila na muwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa ziada. Tazama pia mlango uliotumika: ukiwa ni xmlrpc.php, faili ambalo programu za nje hulitumia kuingia WordPress, na hakuna huduma yenu inayoutegemea, ufunge.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ofisi yetu ya ushirika Hombolo inatumia intaneti ya simu moja, hivyo mmoja akikosea tunafungiwa sote. Je, tuiweke anwani yetu katika orodha ya wanaoruhusiwa?

Jibu: Marahaba. Hapana. Anwani ya mtandao wa simu hubadilika, na mara nyingi wateja wengi huitumia kwa pamoja, hivyo mtakuwa mmewaruhusu msiowajua. Ongezeni majaribio hadi 6, na kila mmoja awe na akaunti yake.

Swali: Nimejifungia mwenyewe, na nina habari ya kuweka sasa hivi.

Jibu: Ingia katika kidhibiti cha seva, fungua wp-content/plugins, kisha ubadilishe jina la folda ya plagini, itazimika. Ukishaingia, rudisha jina la awali na uiwashe tena.

Swali: Sisi tunapitia Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na tovuti, na anwani zote zinazofungiwa ni za Cloudflare.

Jibu: Plagini inamwona mpitishaji badala ya mgeni. Mwombe mtoa huduma wa seva aiwezeshe kupokea anwani halisi; usizifungie zile za Cloudflare, maana utawafungia wageni wema pamoja na wavamizi.