Maji ya kuoga bila hita

Bomba la ndani hapa Uyole, Mbeya, tunalo na tunashukuru, ndoo za mtoni tulishabeba sana, ila mwezi wa 7 huu maji yanauma mpaka mifupa na hita mi sinunui. Chukua dumu la lita 20 lipake rangi nyeusi, jaza saa tatu asubuhi, liweke juani juu ya bati afu lifunike na nailoni ile inayopitisha mwanga, nyeusi inakula jua na nailoni inazuia upepo (upepo ndo mwizi mkubwa). Saa tisa yanakuwa vuguvugu safi. Siku ya ukungu usijisumbue, na usiliache mpaka magharibi, jana nilisahau nikaoga huku napiga kelele.